Tuhame Ubuntu? Uhakiki wa Kiswahili cha Mifumo Huria, kwa Mintarafu ya Ediofe

Swali tunalolijadili katika toleo hili halikuletwa na wanaisimu. Limeletwa na wanafunzi wetu walio kwenye mazoezi ya kufundisha huko Ediofe, kando ya mji wa Arua. Shule mojawapo ina chumba cha kompyuta za msaada, nyingi zikiwa kuukuu za biti 32, zinazotumia Xubuntu 18.04, tawi jepesi la Ubuntu. Muda wa kuhudumiwa kwa tawi hilo ulikwisha mwaka 2021, na matoleo ya Ubuntu yaliyofuata hayakubali tena mashine za biti 32. Mwalimu wa kompyuta anataka kuhamia Debian. Wanafunzi wetu, ambao hutumia chumba hicho kwa vipindi vya Kiswahili, wakatuandikia: je, kwa upande wa lugha, kuhama huko kutatupa nafuu yoyote?

Tumekaa na mifumo hiyo miwili kwa majuma kadhaa, tukasoma vitufe vyake na jumbe zake kama tunavyosoma riwaya au diwani iliyoletwa kuhakikiwa. Kwa upande wa mashine jibu ni jepesi. Kwa upande wa lugha jibu ni chungu kidogo, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza tuweke mahali pake. Ediofe ndipo lilipo kanisa kuu la Dayosisi Katoliki ya Arua, iliyoundwa mwaka 1958, na ndipo ilipo Radio Pacis, iliyoanza kurusha matangazo Oktoba 2004 kwa Kilugbara na lugha nyingine za West Nile. Mwezi huohuo wa Oktoba 2004 ndio Ubuntu ya kwanza ilipotolewa duniani. Ni sadfa tu, lakini sadfa yenye funzo: mwanzilishi mmoja alizifuata lugha za watu wake mpaka kijijini, mwingine alichukua jina la Kibantu na kulipeleka ulimwenguni huku skrini ikiendelea kusema Kiingereza.

Kiswahili katika West Nile kina historia yake, na si historia ya darasani. Kimeletwa na wanajeshi, polisi na Wanubi, na hadi leo husikika sokoni kwa sababu Ariwara na Aru za Kongo ziko ng'ambo tu ya mpaka. Mtoto wa Koboko, Idi Amin, ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda, na kwa wengi nchini lugha hii ikabaki na harufu ya bunduki kwa miaka mingi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ukakiingiza darasani kwa nguvu zaidi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto wa Ediofe, ambaye nyumbani husema Kilugbara, leo anajifunza Kiswahili kama somo la mtihani. Akiingia chumba cha kompyuta, Kiswahili hakipo. Anajifunza pasipo kuambiwa kwamba lugha hii ni ya insha na ngeli, na kwamba kazi za maana zina lugha yake nyingine. Hilo kwetu ni jambo zito kuliko suala la biti.

Sasa tuje kwenye mifumo yenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziamuru programu nyingine zote. Ubuntu na Debian zote mbili ni mifumo huria, na kwa kweli Ubuntu imejengwa juu ya Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993. Tofauti ni kwamba Ubuntu ina kampuni nyuma yake, na Debian inaendeshwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Jina Debian halina falsafa yoyote: mwanzilishi, Ian Murdock, aliunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Jina Ubuntu, kwa upande mwingine, ni utu wetu kwa matamshi ya kusini mwa Afrika, na Waganda wanalo kama obuntu. Kwa Mlugbara, ambaye lugha yake si ya Kibantu hata kidogo, majina yote mawili ni mageni sawasawa.

Hapa tukiri ubora wa neno huria. Waingereza wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na wamekesha miaka wakielezana tofauti. Sisi tunayo mawili, bure na huria, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza haelezwi mara mbili. (Bure pia ni kitu kisicho na faida, lakini hilo tuwaachie wauzaji wa programu za kulipia.)

Maneno mengi ya aina hii yalipata nguvu Dar es Salaam. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na watu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na IT+46 ya Uswidi, ulitoa mwishoni mwa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye sura ya Kiswahili, na ukatengeneza faharasa ya istilahi. Ilikuwa kazi kubwa. Microsoft nayo ikafuata na sura ya Kiswahili kwa programu zake katika miaka iliyofuatia. Jina Jambo liliwakera baadhi ya wenzetu wa pwani, kwa kuwa mwenye lugha husema hujambo na hujibiwa sijambo, na jambo tupu ni salamu ya watalii. Lakini mpelekeeni Mkongo wa Ariwara lawama hiyo! Yeye huamkia kwa jambo kila asubuhi na hajawahi kumwona mtalii. Kwa mtumiaji wa Ediofe, lile jina lilikuwa sahihi kuliko walivyodhani waliolibuni na waliolipinga.

Tumeyapima maneno machache kwa jinsi yanavyofanya kazi darasani. Sakinisha ni neno zuri sana: programu inafanywa isakini, yaani ikae, ipate maskani ndani ya mashine. Kivinjari kimetoka kwenye kuvinjari, kuzungukazunguka kama chombo kinachopita pwani, na kinamwambia mtoto kitu hicho kinafanya nini hata kabla hajakigusa. Pakua tumeipenda zaidi, maana kila mtoto amewahi kupakuliwa chakula, na faili linalotoka kwenye intaneti huja kama ugali kutoka sufuriani, kwa vijiko, hasa mtandao ukiwa mzito. Tofauti na hayo, nywila haisemi kitu. Ukimuuliza mwanafunzi nywila ni nini atakutazama. Ukisema neno la siri amekwisha kuelewa. Kiolesura nacho ni neno lililoshonwa kiasi kwamba mshono ndio unaoonekana kwanza.

Kisha kuna tatizo la nchi mbili. Mwalimu wa Arua huwa na kitabu cha Kenya mkononi na maneno ya Dar es Salaam kwenye skrini. Kitabu kinasema tarakilishi, skrini inasema kompyuta; kitabu kinasema puku au kiteuzi, mwalimu aliyesomea Tanzania anasema kipanya; baobonye huku, kibodi kule. Mmoja wa wanafunzi wetu alitueleza kwamba darasa lake lilitumia nusu ya kipindi likibishana kama puku ni mnyama au kifaa. Mjadala ulikuwa mtamu, lakini kompyuta hazikuwashwa siku hiyo. Sisi tunaegemea kompyuta, kipanya na kibodi, si kwa sababu ni mazuri zaidi bali kwa sababu fundi wa mjini Arua anayaelewa.

Je, Debian ina Kiswahili bora kuliko Ubuntu? Hapa ndipo wanafunzi wetu walipotarajia ushindi, na hapa ndipo tunapowavunja moyo. Sehemu kubwa ya maneno ambayo mtumiaji huyaona hayatoki kwa Ubuntu wala kwa Debian. Yanatoka kwa watengenezaji wa mazingira ya skrini kama Xfce na GNOME, na wa programu kama LibreOffice, mrithi wa OpenOffice. Mfumo endeshi huyapokea maneno hayo kama duka linavyopokea bidhaa. Ukihama duka, bidhaa ni ileile. LibreOffice ina Kiswahili cha Tanzania, urithi wa siku za Jambo, nacho kina mapengo mengi. Kwingine Kiswahili ni vipande vipande, menyu moja ikisema Faili na inayofuata ikisema kwa Kiingereza. Vipande hivyo utavikuta Ubuntu, na utavikuta Debian.

Kilicho cha Debian yenyewe ni kisakinishi, zile skrini za mwanzo zinazokuuliza lugha, nchi na neno la siri. Kina lugha zaidi ya sabini. Kiamhari kimo. Kikabili cha Algeria kimo. Kisami cha Kaskazini kimo, ambacho wasemaji wake hawafiki laki moja. Kidzongkha kimo pia, lugha ya Bhutan, nchi yenye watu wasiofika milioni moja. Kiswahili, ambacho UNESCO hukihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo.

Tusilaumu haraka. Lugha huingia katika kisakinishi hicho kwa kutafsiriwa kwanza sehemu zake kuu na kupata mtu wa kuitunza toleo hadi toleo. Bhutan haikusubiri kualikwa. Idara ya serikali yake iliunda mfumo kwa Kidzongkha juu ya Debian na kuutoa mwaka 2006, pamoja na taabu zote za mwandiko ambao kompyuta za wakati ule hazikuujua. Sisi tunaandika kwa herufi za Kilatini zilizokwisha kuwamo kwenye kila mashine, tuna idara za Kiswahili katika vyuo vingi, tuna mabaraza, tuna siku ya Kiswahili duniani kila tarehe 7 Julai tangu ilipotangazwa mwaka 2021. Tumesherehekea mara kadhaa sasa. Faili la tafsiri la kisakinishi, lenye sentensi ambazo darasa moja la shahada ya kwanza lingezimaliza kwa muhula, halijapata mtu.

Kuna na jambo dogo linalouma kwa namna yake. Mifumo hii huifadhi desturi za kila nchi: majina ya siku, fedha, tarehe. Maktaba ya GNU, ambayo Debian na Ubuntu zote huitegemea, ina Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Kwa Uganda ina Kiganda. Kwa hiyo mtoto wa Ediofe anayetaka Kiswahili lazima adanganye kidogo, aseme yuko Nairobi au Dodoma, na jedwali lake la hesabu linaweza kumwekea shilingi ya jirani. Saa nayo husoma 20:00 wakati mwenye lugha anasema saa mbili usiku. Hatujaona mfumo wa kawaida unaotoa saa za Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha saa kwa majuma mawili, kisha pembe ya skrini humkanusha kila dakika.

Tatizo linalotusumbua zaidi kama watu wa sarufi, hata hivyo, ni upatanisho wa kisarufi. Mwandishi wa programu huandika ujumbe mmoja wenye pengo, kisha kompyuta hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu chochote kilichofutwa. Kwa Kiingereza ujumbe huo hufaa kitu chochote. Kwa Kiswahili, faili limefutwa, picha imefutwa, kiungo kimefutwa, mtumiaji amefutwa (pole zake). Mtafsiri akiandika imefutwa kwa vyote, mwanafunzi anayesahihishwa ngeli asubuhi anasoma kosa mchana kwenye mashine ya shule, na mashine kwake ina mamlaka kuliko mwalimu. Chombo cha tafsiri kinachotumiwa na programu nyingi huria kinajua umoja na wingi, lakini ngeli hakizijui. Watafsiri wazuri hukwepa kwa kubadili sentensi: badala ya kitenzi chenye kiambishi, huandika Kufuta kumekamilika, kisha nukta mbili na jina la kitu. Mbinu hiyo hufaa ngeli zote, lakini lazima mtu aliyesoma ngeli aione ile nafasi tupu na kujua kitakachoingia humo. Mafundi wa kompyuta peke yao hawataiona, na hatuwezi kuwalaumu.

Hata Kilugbara kinadhurika, tena kwa upande ambao hatukuutarajia. Mwandiko wake hutanguliza alama ya ritifaa mbele ya baadhi ya konsonanti, kama katika neno 'ba, yaani watu. Programu ya kuandikia, ikiachwa ijirekebishe, huidhania ritifaa ya mwanzo wa neno kuwa alama ya kufungua usemi na kuigeuza kichwa chini. Ng'ombe wetu amenusurika kwa sababu ritifaa yake iko katikati. Dawa ni kuzima usahihishaji huo, na inapatikana katika mifumo yote miwili kwa dakika moja, kama mwalimu ameambiwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya wataalamu wa miji mikubwa. Tunawakumbusha Nkozi. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, cha maaskofu Wakatoliki wa Uganda, kiliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamia programu huria, na Victor van Reijswoud na Emmanuel Mulo wakakiandika kisa hicho. Seva hazikuwa na kelele nyingi. Watu ndio waliokuwa wagumu: wenye mazoea ya programu za zamani, na wenye barua za kubadilishana na ofisi za nje zilizotumia mafaili ya aina nyingine. Tulichojifunza kwao ni kwamba kuhama kunahitaji mafunzo mengi kuliko sidii. Lakini katika kisa chote cha Nkozi swali lilikuwa la gharama na la uhuru wa kutofungwa na kampuni moja. Swali la lugha ya skrini halikuwa kiini chake. Huko Dar es Salaam, katika miaka hiyohiyo, lugha ndiyo iliyokuwa kiini. Juhudi mbili za eneo moja, kila moja ikishika nusu ya kazi.

Tuseme basi tunachopendekeza kwa shule ile. Kwa mashine za biti 32, hameni, na hameni kwenda Debian 12, iliyotolewa Juni 2023. Debian 13 ya Agosti 2025 imeacha kutoa kisakinishi cha mashine hizo, kwa hiyo hiyo 12 ndiyo kimbilio lao la mwisho, si makazi ya kudumu. Kwa zile chache za biti 64 mnao uhuru wa kuchagua. Sisi tungezihamisha nazo, kwa sababu ya gharama ya intaneti: tangu toleo la 22.04 Ubuntu huleta Firefox kwa utaratibu wa snap, ambao hujisasisha wenyewe, na katika shule inayonunua intaneti kwa kipimo, kujisasisha kwa mashine nyingi ni bili. Debian inawezekana kuisakinisha kwa fleshi au diski kubwa bila mtandao, kisha kompyuta moja ikapakua masasisho na nyingine zikachota kwake. Msianze siku ya kwanza ya muhula. Anzeni likizo, na mashine mbili, na mhakikishe kwanza kwamba printa inakubali.

Mwalimu mmoja wa Idara yetu hakukubaliana nasi. Alisema, kwa haki, kwamba Ubuntu inamruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kupendekeza tafsiri mara moja, ilhali njia za Debian ni ndefu na zina wakaguzi, na wanafunzi wetu watakata tamaa. Tumeona matunda ya mlango ulio wazi: neno moja limetafsiriwa kwa namna tatu ndani ya programu moja, na hakuna aliyepita nyuma kusawazisha. Tunaupendelea mlango wenye bawabu.

Kwa hiyo muhula ujao kikundi cha tafsiri cha mwaka wa tatu kitaanza na sehemu za kwanza za kisakinishi cha Debian, kabla ya kugusa Xfce au kitu kingine. Wanafunzi walioko Ediofe watakuwa wasomaji wa majaribio: kila sentensi itasomwa kwanza na wanafunzi wa kidato cha pili, na isiyoeleweka itarudi. Orodha ya maneno ishirini yanayobishaniwa imebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya Idara, na penseli imefungwa kwa uzi. Mpaka tunakwenda mitamboni, nywila ilikuwa na kura tatu, na neno la siri kumi na moja. Mtu fulani ameandika pembeni kwamba babu yake husema fumbo la mlango, na hatujui tumhesabie wapi.